Mwenyekiti Aliyemkaribisha Sajini

Nina zamu saa moja jioni, kwa hiyo nitaandika haya kwa haraka. Mwenyewe asingenilaumu, maana sikuwahi kumwona akifanya jambo taratibu. Amesharudi Tanzania sasa. Chama chetu hapa London kina mwenyekiti mpya, kijana mstaarabu anayetuma matangazo ya sauti ambayo hakuna anayeyasikiliza hadi mwisho, na kila nikisikia nusu ya tangazo namkumbuka yule wa kwanza, nakasirika bila sababu.

Tulimwita Mwenyekiti, basi. Hata waliomchukia walimchukia kwa cheo hicho hicho. Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni wanaopenda habari hizo. Mimi nilimkuta tayari ni mtu mzima, mwanamke mwembamba mwenye koti la kijivu refu mpaka kwenye vifundo vya miguu, mkoba wenye chupa ya chai ya tangawizi, na mwendo wa mtu aliyeacha sufuria jikoni. Kutembea naye kutoka stesheni ya Stratford hadi kwangu kulikuwa mazoezi. Mimi ni nesi, kukimbia nimezoea, lakini kwa Mwenyekiti nilihema.

"Sista, pumua ukifika," aliniambia. Ananiita Sista mpaka leo, kama ninyi mnavyowaita manesi nyumbani.

Chama chetu ni cha kuuguzana na kuzikana. Watanzania ndio wengi, Wakenya kiasi, na Mkongo mmoja aliyekuja kwenye msiba wa jirani akakosa njia ya kutoka. Mtu akilazwa, tunakwenda kumwona. Akifa, tunamzika hapa au tunamrudisha kwao. Ni kazi rahisi kuieleza. Mwenyekiti ndiye aliyetoa matangazo kwenye kundi letu la simu, na mtindo wake haukubadilika: jina la mgonjwa, hospitali, wodi, kitanda, na mwisho, "Tusimwache peke yake." Jioni wodi ingejaa vyombo vya chakula na watu wanaoulizana nani ameleta sahani. Siku moja wenzangu kazini waliniuliza kama mgonjwa wa dirishani ni chifu. Niliwaambia ni dereva wa basi.

Alikuwa Mlutheri, na alijua taratibu za mazishi ya Kiislamu kuliko baadhi ya Waislamu wetu. Alituburuta sote hospitali kwa kikohozi cha siku mbili, ilhali yeye mwenyewe alimwogopa daktari; homa yake aliitibu kwa mwarobaini aliotumiwa kutoka Morogoro, unaonuka nyumba nzima. Nikimkemea, alinijibu kwamba mwenyekiti hana ruhusa ya kuugua. Na alipenda kiti cha mbele. Sitamficha kwa hilo. Alihubiri dhidi ya wakubwa wanaojipa ukubwa, kisha kwenye sherehe ya uhuru akafika mapema ili akae safu ya kwanza, karibu na balozi, mahali kamera inapopita.

Kabla ya kustaafu alifundisha historia kwenye chuo cha watu wazima. Ungetegemea aipende historia yetu, Majimaji na mengineyo. Wapi. Mapenzi yake yalikuwa hospitali za Wachina kwenye makoloni ya Mwingereza. Hong Kong, Singapore, Penang, kwake zote zilikuwa mji mmoja. Alizitaja kama mtu anavyotaja Magomeni, Ilala na Kariakoo. Siku za mapumziko, wenzake wakienda kununua mapazia, yeye alipanda treni kwenda Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali, kusoma majalada ya kikoloni. Wengi waliona ana walakini. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama Mwenyekiti aliwahi kuolewa na Mchina.

Mihadhara yake aliitoa misibani, maana ndipo alipopata watu waliokaa bila pa kwenda.

"Sikilizeni," angeanza, na ubwabwa haujaiva. "Mchina maskini akiumwa kule, hospitali ya serikali hakuitaka. Kule akifa atapasuliwa, na maiti isiyo kamili itawatazamaje wazee wake waliotangulia? Basi watu walikwenda kufia kwenye jumba la kuwekea maiti. Mahututi na mfu wanalala sakafu moja. Aibu ikawashika matajiri wao. Wakajenga hospitali yao wenyewe, dawa zao za mizizi, waganga wao, na kamati ya wafanyabiashara wakubwa kuisimamia."

Angezunguka chumba, akikanyaga mikeka ya watu.

"Na kamati haikuishia kutibu. Ilitoa majeneza kwa wasiojiweza. Ilisuluhisha mume na mke. Ilirudisha mifupa ya waliofia ughaibuni ikazikwe kwao. Kama sisi, au siyo? Ila wale walikwenda hatua moja zaidi. Walichangia mishahara ya walinzi wa mtaa, vijana wa Kichina wanaojua kila uchochoro. Na hao walinzi, amri walipokea kwa nani?"

Tulikuwa tunajua jibu, lakini tulimwachia.

"Kwa ofisa wa Kizungu! Wanalishwa na mtaa, saluti wanampigia Mzungu."

Kuna mzee wa Mombasa aliyemuuliza siku moja, "Sasa mama, hiyo serikali ilikubali vipi watu wajitawale hivyo?"

"Ilifurahi, mzee wangu. Ilipata mlango mmoja wa kupigia hodi badala ya milango elfu."

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya tauni. Tauni iliingia bandarini, na serikali ikatuma askari na polisi wapekue nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa. Watu wakaficha wagonjwa wao chini ya vitanda, na maiti wakazitupa barabarani usiku ili zisionekane zimetoka nyumba gani. Kamati ya hospitali ikaitwa kutuliza watu. Mwenyekiti wa kamati, tajiri mwenye joho na heshima zake, akatoka barabarani akibebwa kwenye kiti chake. Watu wale wale aliokuwa akiwatibu bure wakampiga mawe.

"Nani alikosea?" angeuliza, na asingekubali kula mpaka apate majibu. Mimi nilisema ni aliyetuma askari nyumbani kwa mgonjwa. Aliniambia hilo ni jibu la nesi. Jibu lake yeye hakulitoa hata mara moja, na kwa miaka mingi nilidhani anatutania tu.

Basi mtu huyu, aliyeyasoma hayo yote, polisi wa eneo letu walipounda kamati ya ushauri ya wakazi na kumwalika, alikubali kabla barua haijafungwa vizuri. Alipewa kitambulisho chenye picha, cha kuning'iniza shingoni. Alikivaa kanisani. Alikivaa sokoni Southall akinunua pilipili. Nilimtania kwamba sasa tumpigie saluti, akacheka, lakini hakukivua.

Nisimwonee. Kiti kile kilitusaidia. Kijana akikamatwa, mama yake alimpigia Mwenyekiti, na Mwenyekiti alimpigia Sajini, askari aliyekaa naye kwenye kamati ile. Kabla chai haijapoa tulijua mtoto yuko kituo gani na kwa kosa gani. Mara mbili tatu ilikuwa ni kufananishwa tu, na kijana alirudi nyumbani. Mama wa namna hiyo hakusahau. Mwenyekiti alipita Stratford akiombewa dua na Waislamu na Wakristo kwa pamoja.

Sajini mwenyewe alikuwa Singasinga wa Southall, mtu mpole, ndevu zake nadhifu, kilemba cha rangi ya kaniki. Alikuja kwenye futari yetu, akala, akasaidia kukunja meza. Watu walisema, askari huyu ana adabu. Hapo ndipo Mwenyekiti alipofanya kile ambacho mpaka leo nikikikumbuka nashika kichwa. Alimwingiza Sajini kwenye kundi letu la simu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," aliandika. "Karibu sana Sajini. Sasa wewe ni mwenzetu."

Fikirieni kundi lile. Mle ndani mlikuwa na misiba na harusi, sawa, lakini pia mlikuwa na mtu anayetafuta chumba cha mgeni asiye na karatasi, na mwingine anayejua jiko ambalo halikuulizi viza. Kila mtu aliingiwa na baridi. Kisha tukajipa moyo: huyu ni Mhindi wa London, Kiswahili atakijulia wapi? Yeye alikuwa akiweka kidole gumba kwenye kila ujumbe, hata wa kifo, tukasema, mnaona, hasomi. Wiki zikapita, watu wakarudia mazungumzo yao.

Mpaka asubuhi moja dada mmoja alipouliza kama mandazi yanakuwa laini zaidi ukitia tui la nazi au maziwa. Sajini akajibu, kwa Kiswahili kinachoeleweka kabisa: "Tia tui na iliki. Bibi yangu alizaliwa Nakuru, alitupikia kila Jumapili. Mandazi bila iliki si mandazi."

Kundi lilinyamaza kana kwamba limefiwa. Hakuna aliyejibu, hata muuliza mandazi. Siku ile ile likaundwa kundi jingine, likaitwa Jikoni, na kila mtu akahamia huko isipokuwa Mwenyekiti na Sajini. Mimi nilikuwa kwenye makundi yote mawili na sikuwa na raha kwenye lolote. Kule kwa zamani Mwenyekiti alikuwa akitangaza wagonjwa, Sajini akimjibu "Pole sana," wawili peke yao, kama wazee waliobaki kijijini.

Hakuelewa mara moja, au alijifanya. Nilipomwambia watu wameogopa, alinikazia macho.

"Wamemwogopa mtu kwa sababu anajua mandazi?"

"Wamemwogopa kwa sababu anajua Kiswahili, Mwenyekiti, na amekaa kimya muda wote."

"Na mimi nikimtoa, nitamwambia nini? Mgeni niliyemkaribisha mwenyewe, nimfukuze mlangoni? Wewe umelelewa wapi?"

Kwetu mgeni hafukuzwi. Hilo ni kweli, na ndilo lililomnasa. Muda huo huo kuna mtu wetu alikwenda kuripoti kwenye lile jengo la Uhamiaji la Croydon kama alivyozoea, asirudi. Alizuiliwa huko huko. Hakukuwa na uhusiano wowote na Sajini, mtu yule mambo yake yalikuwa mabaya tangu zamani, lakini nani alisikiliza? Jikoni walisema kikulacho ki nguoni mwako. Jina halikutajwa, na halikuhitajika.

Ndipo Saidi alipougua.

Saidi alikuwa mpishi kwenye mgahawa mmoja Southall, viza yake imekwisha zamani, na alikuwa akilala kwa dada yake, Mama Nuru, hapa Stratford. Mama Nuru ana karatasi zake, anafanya kazi ya usafi ofisini, ana binti mmoja, Nuru, aliyezaliwa hapa, unamsalimia Kiswahili anakujibu Kiingereza. Waliniita mchana mmoja nikitoka kazini. Nilimkuta Saidi amelala kwenye kochi, amekonda, shati limelowa jasho, na kwenye kikombe kando yake mna makohozi yenye damu. Nilifungua dirisha, nikamwambia Nuru atoke chumba kile na asirudi.

"Huyu aende hospitali leo," nilisema. "Kifua kikuu hiki. Na dawa yake nchi hii hutolewa bure kwa mtu yeyote, mwenye karatasi na asiye nazo."

"Na jina lake wataandika?" Mama Nuru aliuliza.

"Wataandika, ndiyo."

"Na lile jina litaishia wapi, dada?"

Nilimweleza nilichokijua. Hakuamini. Saidi akasema kwa sauti ya chini kwamba heri afie kwenye kochi la dada yake kuliko kufungwa pingu kitandani. Kisha Mama Nuru akanishika mkono, akanibana hasa. "Apia. Mwenyekiti asijue. Akijua atatangaza wodi na kitanda, na yule mtu wake atasoma."

Nilikwenda kila siku, na kila siku walinikatalia. Nilikosa usingizi. Nilikuwa namhudumia mgonjwa wodini huku nahesabu moyoni pumzi za mwingine aliyelala nyumba ya tatu kutoka stesheni. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia Mama Nuru, naye akanijibu kwamba methali hiyo ilitungwa na watu waliokuwa kwao.

Mwenyekiti alijua bila kuambiwa. Alimwona Mama Nuru sokoni Southall akinunua tangawizi mfuko mzima, na malimau, na asali, na kila mtu anajua Mama Nuru tangawizi haigusi, akinywa chai ya Mwenyekiti hujificha akaimwage kwenye sinki. Jumamosi mchana nilipokuwa ndani namfuta Saidi uso, hodi ikapigwa. Ilikuwa hodi ya haraka, mara tatu tatu.

"Mama Nuru. Ni mimi."

Mama Nuru alisimama katikati ya ukumbi, ametanua mikono kama kipa. "Shikamoo, Mwenyekiti. Hatuko vizuri leo. Rudi siku nyingine."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

"Hakuna."

"Kikohozi kile ni cha redio?"

Saidi alikuwa ameziba mdomo kwa shuka, mabega yanamtikisika. Nilitaka kufungua, Mama Nuru akanizuia kwa macho.

"Mama Nuru, mwanangu, fungua. Nimzike nani kabla yangu? Fungua tumpeleke."

"Sikufungulii." Mama Nuru alikuwa analia sasa, na hasira imempanda juu ya kilio. "Sikufungulii wewe na kitambulisho chako. Umekaa nao, umekula nao, umetuletea mpaka ndani ya simu zetu. Mshika mbili, Mwenyekiti. Ni sisi au ni wao. Kaka yangu anakufa humu ndani, na mimi namwogopa mtu ambaye ndiye angetusaidia. Unaliona hilo?"

Nilidhani ameondoka. Nilichungulia tundu la mlango nikamwona amesimama uso umeelekea ukuta, kitambulisho amekishika kwenye ngumi. Nasema ukweli, nilimwonea huruma kuliko nilivyomwonea Saidi. Alikuwa ameisoma hadithi hii ujana wake wote, alitusimulia sisi, alituuliza swali, na sasa amesimama ndani yake.

Kisha nikamsikia akiongea na simu, ameweka sauti wazi ili tusikie. Aliongea Kiingereza kile chake cha darasani. Alimwambia Sajini kwamba kuanzia saa hiyo anaacha kiti kwenye kamati, na kwamba anamtoa kwenye kundi. Sajini aliuliza kama amemkosea.

"Hapana," Mwenyekiti alisema. "Umekuwa mgeni mzuri. Kosa ni langu, nilikukaribisha nyumba isiyo yangu peke yangu."

Kisha Sajini akasema, kwa Kiswahili cha bibi yake, "Haya, mama. Nimesikia." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, na sikuweza kumlaumu.

Mama Nuru alifungua mlango. Mwenyekiti aliingia bila kumtazama, akapiga magoti kwenye zulia mbele ya Saidi, mimi nikikimbilia kumpa barakoa.

"Hakuna tangazo," alimwambia. "Hakuna wodi, hakuna kitanda. Tutakwenda mimi, wewe na Sista. Wakiuliza mimi ni nani, nitasema shangazi. Wakikuuliza jina, sema jina lako, mwanangu, usinisemee uongo mbele ya daktari. Dawa inataka jina la kweli. Na kama kuna mtu atakuja na pingu, atanikuta nimekaa mlangoni."

Saidi aliangalia dada yake, dada yake akaitikia kwa kichwa. Tulimteremsha ngazi tukimshika kwapa huku na huku, na chini teksi ikasubiri huku dereva ananung'unika. Hakuna aliyekuja na pingu. Mwenyekiti alikwenda hospitali kila siku peke yake, kwa mara ya kwanza mgonjwa wetu hakuwa na umati, akakaa nje ya chumba akisoma kitabu juu ya Penang na kuwauliza madaktari maswali mpaka wakawa wanapita ngazi nyingine. Saidi alipona. Yuko hai, amenenepa, kesi yake ya karatasi ina wakili na bado inasota.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kiti kikishaachwa kimeachwa. Watu walimwingiza Mwenyekiti kwenye Jikoni kwa shangwe, na baada ya mwezi mmoja wakaanza kumpigia simu tena. Mwenyekiti, kijana wangu hajarudi. Mwenyekiti, wamempekua mwanangu stesheni, hebu mpigie yule mtu wako. Alikuwa akiwajibu kwamba hana mtu tena. Wengine walimkatia simu kwa hasira, kana kwamba si wao waliotaka aache. Nilimwona akizeeka mwaka ule. Alitembea kwa kasi ile ile, lakini sasa kasi yake haikuwa na pa kwenda. Alizunguka duka lile lile mara mbili, akasahau alichofuata.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda ilikuwa kituo cha polisi, majira ya baridi kabla hajaondoka. Nuru alikuwa amekamatwa. Wasichana wa shule yake walipigana kwenye lile duka kubwa la Stratford, mmoja akaumia vibaya kichwani, na Nuru, ana miaka kumi na sita, alikutwa ameshika begi la aliyeumia. Mama Nuru alinipigia akilia maneno nisiyoyaelewa. Nilipofika kituoni nilimkuta kwenye benchi na Mwenyekiti ubavuni pake. Walikuwa pale tangu asubuhi. Kila walipokwenda dirishani waliambiwa wasubiri.

Mama Nuru alikuwa akisimama, akikaa, akisimama. "Hata kama yumo humu hawasemi," aliniambia. "Hata kama amekula."

Mchana Sajini alipita akitoka ndani. Alituona, akasimama. "Shikamoo, mama," alimwambia Mwenyekiti.

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo?"

"Alifariki mwezi wa tano."

Mwenyekiti aliinuka, akamshika mikono miwili, akampa pole kama tunavyopeana, polepole, akauliza amezikwa wapi na nani aliyekuwa naye. Sajini alijibu yote. Kisha akatazama chini, akahamia Kiingereza. Alisema anajua kwa nini tuko pale. Alisema zamani, kwa wajumbe wa kamati, angeweza angalau kuwaeleza kinachoendelea. Sasa haruhusiwi kumwambia chochote mtu wa nje. Aliomba radhi, akaondoka haraka.

Mama Nuru alikuwa amesikia kila neno.

"Mwenyekiti," alisema. "Ningejua, siku ile nisingekutaka uache kile kiti."

"Ungenitaka tu. Kaka yako alikuwa anakufa."

"Na wewe ungeacha?"

"Ningeacha. Lakini usidhani sikitaki. Leo nakitaka mpaka roho inaniuma. Ningekuwa nacho ungeshajua mtoto wako amekula nini."

Mama Nuru aliegemeza kichwa begani kwake, na Mwenyekiti alimwacha, ingawa mguu wake ulikuwa hautulii, unagonga sakafu bila kukoma. Mimi nilikuwa natazama saa, nina zamu, na nilijichukia kwa kuitazama.

Hatimaye mlango wa pembeni ulifunguliwa. Askari mwanamke, kijana, alisoma jina la Nuru vibaya, akaeleza kwamba wanataka kumhoji, na kwa kuwa ni mtoto lazima akae naye mtu mzima mmoja. Mzazi, au mtu mzima mwingine ambaye familia inamwamini. Mmoja tu.

Mama Nuru alisimama. Alipiga hatua mbili, akageuka, akamshika Mwenyekiti mkono akamwinua.

"Nenda wewe," alisema.

"Mimi si mzazi. Wewe ndiye mama."

"Mimi nitalia tu, na yeye akiniona nalia atakubali kosa lolote ili twende nyumbani. Wewe utawauliza maswali." Alimsukuma taratibu kuelekea mlangoni, kisha akamgeukia askari, na kwa Kiingereza chake cha kazini akasema, kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia: huyu ndiye tunayemwamini.